Sato hawakui tangu uache dagaa? Angalia soya yako

Pole, ndugu mfugaji. Unasema hesabu ya protini haijabadilika tangu uache dagaa na kuweka soya na mashudu ya alizeti, ila sato wamedumaa. Protini iliyomo kwenye chakula ni jambo moja, na ile samaki anayoweza kuimeng'enya ni jingine.

Mimi ningeanza na soya, maana umeandika kwamba unaisaga mbichi. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tripsini, kile kinachovunja protini tumboni. Samaki anakula, anashiba, na sehemu ya protini hiyo inaishia majini bila kumeng'enywa. Moto huviharibu vizuizi hivyo. Kaanga kwa moto wa wastani huku unakoroga, hadi punje ziwe na rangi ya kahawia hafifu na maganda yachubuke ukizisugua viganjani. Usiunguze, tafadhali: soya iliyoungua hupoteza laisini, kiungo muhimu cha protini, na hapo umepata hasara nyingine.

Mashudu nayo, kama alizeti ilikamuliwa na maganda yake, yamejaa nyuzinyuzi ambazo sato hanufaiki nazo. Chekecha, uone maganda meusi yanayobaki kwenye chekeche. Kisha punguza kiasi cha mashudu.

Kama unachanganya pia pumba za mahindi, zipikwe. Wanga uliopikwa humeng'enywa vizuri zaidi. Dagaa nao, badala ya kuwaacha wote kwa mkupuo, warudishe kidogo. Na kama una kambale bwawa la pili, usiwape mchanganyiko huu huu: wao wanahitaji protini nyingi zaidi, na wanga hawauwezi kama sato.