Dawa ya ganzi ya mdomoni: mjue unayempaka

Vidonda vya mdomoni vinanisumbua tangu nikiwa shule. Nikichoka au nikikosa usingizi huibuka ndani ya shavu au chini ya ulimi, na hapo kila chenye chumvi, ndimu au pilipili kinageuka mateso. Kwa mkaazi wa Mombasa, muhogo wa pilipili na ndimu unaouzwa ufukweni Mama Ngina unakuwa wa kutazama tu. Kwa hivyo jeli za kutia ganzi nazijua, na hadi leo nazitumia. Simkatazi mtu. Nataka tu ajue anapaka nini, anapaka vipi, na nani asipakwe kabisa.

Ukishika tyubu, soma yale maandishi madogo. Dawa utakayokuta mara nyingi ni lignokeini (lidokeini ni hiyo hiyo), benzokeini, au kolini salisileti. Mbili za kwanza huzima mishipa ya fahamu ya pale ulipopaka isipeleke habari ya maumivu. Ya tatu ni ya ukoo wa aspirini. Kama uliwahi kudhurika kwa sindano ya ganzi ya daktari wa meno, au hupatani na aspirini, mwambie mfamasia kabla hujalipa.

Upakaji nao una adabu yake. Nanawa mikono, nasukutua kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi, natema. Kisha nakigusa kidonda kwa pamba safi, polepole, mpaka pakauke. Hapa ndipo wengi hukosea. Jeli ikikuta mate huteleza nayo hadi kooni. Koo linakufa ganzi na kidonda kinaendelea kuuma. Pakishakauka natia jeli kidogo, kama punje ya choroko, kwenye kijiti cha pamba, naigusisha kwenye kidonda peke yake, na mate yakijaa nayatema.

Baada ya hapo sili kitu kwa saa nzima. Najua wengi hupaka ndipo wakae kwenye sahani, ili chakula kipite. Mimi nakula kwanza, chakula laini kilichopoa, kisha ndiyo napaka, isipokuwa daktari awe ameagiza vingine. Mdomo wenye ganzi haujui kahawa ni ya moto kiasi gani, utajing'ata shavu bila habari, na ganzi ikifika kooni ni rahisi kupaliwa. Jeli nyingi za dukani zinaelekeza mwisho mara nne kwa siku, na zisizidi siku saba.

Sasa watoto, na hapa naomba mnisikilize. Nilikuwa kwenye duka la dawa upande wa Mwembe Tayari, mbele yangu mama kijana, mtoto begani. "Nipe ile ya kupaka ufizi. Yuwaota meno, usiku hatulali." Muuzaji akaishika tyubu bila kuuliza umri. Nikamwambia, "Samahani dada, ana miezi mingapi?" Saba. Nikamwomba muuzaji asome kikaratasi cha ndani kabla hajauza. Alikisoma, akairudisha dawa rafuni.

Mwaka 2018 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitahadharisha kwamba benzokeini ya mdomoni isitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Dawa hiyo inaweza kuigeuza himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, ikashindwa kuifikisha mwilini. Ni nadra, lakini inaweza kutokea hata mara ya kwanza kupakwa, ndani ya dakika chache au saa moja mbili: midomo na kucha huwa za kijivu au buluu, pumzi inakuwa fupi, moyo unaenda mbio. Kwa ngozi zetu nyeusi tazama ndani ya midomo, ulimi na chini ya kucha. Lignokeini nayo, mamlaka hiyo ilionya mwaka 2014, mtoto akimeza nyingi inaweza kumletea degedege na kuuvuruga moyo. Na zile za salisileti, Uingereza iliziondoa kwa walio chini ya miaka 16 mwaka 2009, kwa hofu ya ugonjwa wa Reye unaoshambulia ini na ubongo.

Faida yenyewe ni ndogo. Mate ya mtoto huisafisha jeli mara moja, mama anaongeza, na anaongeza tena. Msugue ufizi kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi atafune ukimtazama. Na kwa homa kali au kuhara usiyasingizie meno. Pwani hii kuna malaria, mpeleke akapimwe.

Kama nyumbani kwenu kuna mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ya kurithi ambayo si ngeni Pwani, mtajeni mapema hospitalini. Damu ikigeuka kama nilivyoeleza, dawa inayotumika kwa kawaida, methilini bluu, inaweza kumvunjavunjia chembe za damu.

Mafuta ya karafuu yanatuliza jino kweli, ila makali yake bila kuchanganywa huunguza ufizi, na mtoto akiyameza yanaweza kumharibu ini. Aspirini ya kubandika kwenye jino iacheni. Inachoma nyama.

Jino lililotoboka halitaponywa na jeli, maana maumivu yako ndani na ganzi inaishia juu ya ufizi. Uso ukivimba, au chini ya taya, pamoja na homa, mdomo kugoma kufunguka au kumeza kuwa shida, nenda siku hiyo hiyo, hata usiku, Hospitali Kuu ya Pwani au yoyote iliyo karibu. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa. Kidonda kilichopita wiki tatu bila kupona kitazamwe na daktari, hasa kwa anayetafuna tumbaku au tambuu, kwa sababu saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo. Ukienda, chukua na ile tyubu uliyokuwa ukipaka, daktari aone jina la dawa na umeitumia kiasi gani.