Barua kwa Mwanangu: Mjukuu Wangu na Jua

Mwanangu Zuwena,

Marahaba. Umeniuliza kama mtoto, kwa kuwa kazaliwa na ualbino, saratani ya ngozi haina budi kumpata, na kama mafuta ya nazi anayompaka mama mkwe wako yatamkinga. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi tu, jua hupita vilevile. Usigombane naye, ampake usiku.

La saratani, si lazima impate. Ngozi zetu zina melanini, rangi inayozuia sehemu kubwa ya miale ya jua. Yeye hana ya kutosha, kwa kuwa karithi hivyo kwenu nyote wawili bila ya nyinyi kujua. Hapana mkosi wala laana, na atakayesema hivyo mlete kwangu. Miale huharibu chembe za ngozi kidogo kidogo, hata siku moja zikaanza kuzaliana ovyo. Hayo huchukua miaka, nasi tuna nafasi ya kumlinda tangu sasa.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi asikae juani, hata mawingu yakitanda. Kanga moja nyepesi haitoshi. Mshonee mikono mirefu ya kitambaa kizito. Ile kofia ya viua ya babu yake aivae ndani, maana haina ukingo, na masikio ndiyo ninayoyaogopea zaidi. Nje avae pama pana. Hospitali ya KCMC kule Moshi hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino; ulizia hospitali ya Mnazi Mmoja namna ya kuyapata.

Kila Ijumaa ukishamkosha, mtazame penye mwanga: masikio, mdomo wa chini, shingo, mikono. Pitisha kidole. Pakiparuza, au pakiwa na kipele chenye magamba, au kidonda kisichopona mwezi mzima, mpeleke hospitali. Nilipokuwa muuguzi nimepokea watu ambao kidonda kimeshakula sikio, miezi wakitiwa majani tu, na saratani imeshafika kwenye tezi za shingo. Kikiwahiwa kingali kidogo hukatwa, na mara nyingi mtu hupona kabisa.

Likizo mlete Pemba. Kwenye boti mkae ndani. Nitamwambia mjomba wako aje na gari bandarini Mkoani, na pwani tutampeleka baada ya alasiri, jua likishapoa. Nijulishe siku.

Mama yako