Ukienda Great Zimbabwe, usikubali kuzungushwa saa moja

Ratiba ya safari yetu ya Zimbabwe ilisema "Great Zimbabwe, nusu siku", yaani yale magofu ya mji wa kale wa mawe. Nusu siku yenyewe ilikuwa zaidi ya saa nne barabarani kutoka Harare, saa moja ya kuzunguka, kisha tukaitwa kwenye basi kwa sababu chakula kinapoa. Aliyetuongoza ni dereva. Nilipomuuliza ukuta ulijengwaje, akanijibu: "Zamani sana, dada."

Nikawaacha wenzangu waendelee, nikalala Masvingo, mji wa karibu na magofu. Asubuhi nikarudi na kumchukua mwongozaji wa pale pale getini. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: tutakaa muda gani ndani ya magofu, ukiacha wa barabarani? Nani anaongoza? Makumbusho yamo? (Sanamu za ndege zilizochongwa kwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni ziko humo, yule ndege wa kwenye bendera yao.) Na beba dola za Marekani za noti ndogondogo, chenji ni shida.

Mwongozaji wangu, mzee mmoja, alinipandisha kilimani kwanza, jua likiwa bado pole. Fanya hivyo hivyo. Njia ya kale ni ngazi za mawe zinazopenya kati ya majabali, kwingine unapita kiubavu, na mchana panachoma. Ukiwa juu, boma kubwa la bondeni linaonekana kama bangili iliyodondoka majanini.

Tuliposhuka akaniambia nipitishe kidole kati ya jiwe na jiwe kwenye ukuta wa boma hilo. Hakuna udongo wala chokaa. Ni graniti tupu, safu juu ya safu, hadi mita 11 kwenda juu, na mzunguko wa kama mita 250. Graniti ya kule hubanduka yenyewe kwa matabaka, akasema, kwa hiyo fundi alianza na jiwe ambalo tayari ni bapa. Jina nalo ni la Kishona, dzimba dza mabwe, nyumba za mawe. Sisi hapo hatuhitaji mkalimani.

Muulize pia jinsi wakoloni walivyong'ang'ania kwamba Mwafrika hakujenga pale, wakati mwanaakiolojia Mwingereza Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akasema wazi ni kazi ya Waafrika.

Halafu taja Kilwa. Wangu hakuitaja mpaka aliposikia natoka Tanzania. Magofuni pale iliokotwa sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule wa karne ya 14 aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lake la kifalme. Dhahabu ya nyanda hizi ilikuwa ikishuka hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, kisha majahazi yanaipeleka Kilwa. Shuleni nilikariri "Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu", nikapata alama zangu, na sikuwahi kujiuliza dhahabu hiyo ilitoka kwa nani.

Mzee akakaa juu ya jiwe, akaniuliza huko Kilwa kumebaki nini, kunafananaje na hapa. Nimezaliwa Dar, Kilwa ni safari ya basi ya siku moja, na sijawahi kufika. Nikamwambia kuna misikiti ya mawe, nimeona picha.