Maswali ya Wasomaji: Keneli Hukumbuka Hata Ulichokifuta

Safari hii tumechagua barua zinazohusu kiendelezi cha Jupyter ndani ya kihariri cha VS Code, kile kinachomwezesha mwandishi wa Python kuendesha kipande kimoja cha msimbo (seli) na kuona jibu papo hapo. Maoni ni mengi, lakini chimbuko la malalamiko mengi ni moja: mtumiaji anaangalia faili, kumbe anayemjibu ni keneli.

Ndugu mhariri, jana seli zangu zote zilitoa majibu sahihi. Leo nimefungua faili lilelile, sijagusa hata herufi moja, naambiwa NameError: name 'bei' is not defined. Nimetafuta: jina hilo linatumika mara tatu na halijawekewa thamani popote. Jana lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye kumbukumbu ya keneli. Keneli ni Python inayoendelea kufanya kazi nyuma ya kihariri. Inapokea seli, inaitekeleza, inatunza majina yote yaliyopatikana, kisha inasubiri seli nyingine. Faili lako hailisomi. Uliandika bei = 500, ukaendesha, baadaye ukaufuta mstari huo; keneli haikupewa habari ya kufuta, ikaendelea kuishika 500 mpaka ulipofunga kihariri. Leo imeanza upya, haina kitu.

Dalili zilikuwapo tangu jana. Tazama namba iliyo kwenye mabano ya mraba kando ya kila seli: ni mpangilio wa utekelezaji. Ukiona [4] iko juu ya [2], seli hazikuendeshwa kwa mfuatano unaousoma. Namba zikiruka kutoka [5] hadi [9], kuna utekelezaji mara tatu ambao hauonekani tena: ama seli zilirudiwa, ama zilifutwa.

Kuna sura nyingine ya tatizo hilihili, nayo ni mbaya zaidi kwa sababu haitoi kosa lolote. Chukua seli yenye bei = bei * 1.1. Ukiiendesha mara moja, 500 inakuwa 550. Kidole kikiteleza ukaiendesha tena, inakuwa 605, na hakuna onyo. Usibadilishe jina juu ya jina lenyewe; andika bei_mpya = bei * 1.1, na seli hiyo utairudia hata mara mia bila madhara.

Dawa yenyewe ni kubonyeza "Restart", kisha "Run All". Fanya hivyo kabla ya kumpa mtu faili, na kabla ya kuiamini namba yoyote utakayoiweka kwenye ripoti. Tunajua kwa nini watu hukwepa: seli ya kwanza inapakia data kwa dakika kumi, nani atake kuanza upya? Basi hifadhi matokeo ya hatua hiyo nzito kwenye faili la kati, na seli inayofuata isome kutoka hapo. Kuanzisha keneli upya kukiwa rahisi, utafanya mara kwa mara.

Nina kazi za msaada kwenye hesabu.py. Nikirekebisha humo, nikahifadhi, na kuendesha tena seli yenye import hesabu, majibu yanabaki ya zamani. Je, kiendelezi hakioni mabadiliko?

Hapo kiendelezi hakihusiki. Ndivyo Python ilivyo. Moduli (faili la msimbo kama hesabu.py) ikishaingizwa mara moja, huwekwa kwenye orodha ya sys.modules, na import ya pili huchukua ile iliyomo bila kurudi kwenye faili. Ukitaka kulazimisha, andika import importlib, kisha importlib.reload(hesabu). Ila kama ulitumia from hesabu import jumla, jina jumla litaendelea kuelekeza kwenye kazi ya zamani hata baada ya reload; lazima urudie na mstari huo wa from.

Njia nyepesi ni mistari miwili, iendeshwe mapema kabisa:

%load_ext autoreload
%autoreload 2

Baada ya hapo, kila unapoendesha seli, moduli zilizobadilika hupakiwa upya kwanza. Angalizo: mistari inayoanza na % inaeleweka na keneli ya IPython tu (Python ya majibizano ambayo Jupyter huitumia). Ikiwa unafanyia kazi faili la .py ambalo baadaye litaendeshwa kwenye terminali, usiiweke ndani ya faili. Iandike kwenye kisanduku kilicho chini ya dirisha la majibizano (Interactive Window), lile linalofunguka unapoendesha seli za .py. Na ukibadilisha muundo wa darasa, tusidanganyane, anzisha keneli upya. Vitu vilivyotengenezwa kwa darasa la zamani havitabiriki.

Je, ni lazima nitumie faili la .ipynb (daftari la Jupyter) ili nifaidi haya?

Hapana. Katika faili la kawaida la .py, andika # %% mwanzoni mwa kila kipande, na kipande hicho kitakuwa seli. Shift+Enter inaendesha na kukusogeza kwenye seli inayofuata. Ctrl+Enter inaendesha na kukuacha palepale. Kwa kazi ya timu sisi tunapendelea njia hii: faili linabaki maandishi matupu, na Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya mafaili, inaonyesha mistari uliyobadilisha badala ya lundo la picha na majedwali yaliyohifadhiwa ndani ya .ipynb.

Keneli inakataa kuanza kwenye mradi mmoja tu. Miradi mingine haina shida.

Anza na mazingira pepe, yaani Python na vifurushi vilivyotengwa kwa ajili ya mradi mmoja. Keneli inahitaji kifurushi cha ipykernel ndani ya mazingira yaleyale uliyoyachagua, si ya kompyuta nzima. Washa mazingira hayo kwenye terminali, uendeshe python -m pip install ipykernel, halafu bonyeza "Select Kernel" juu kulia na uhakikishe njia iliyoandikwa ni ya mradi huo. Bado inagoma? Angalia majina ya mafaili kwenye folda. Faili lako likiitwa random.py, Python inaweza kulichukua hilo badala ya moduli yake yenye jina hilo, na keneli inaanguka kabla haijasimama. Libadilishe jina.

Nafuta jedwali kubwa kwa del data, lakini kumbukumbu ya kompyuta haipungui.

Huenda uliandika data peke yake mwishoni mwa seli ili ulione. IPython hutunza kila jibu lililoonyeshwa kwa njia hiyo kwenye kamusi iitwayo Out, kwa hiyo baada ya del bado kuna mkono mwingine ulioshika jedwali lilelile. Badala ya del, tumia %xdel data, ambayo hujaribu kuondoa na marejeo hayo ya ndani. Kwa majedwali mazito, jizoeze kutumia print(data.shape) badala ya kuliacha jina peke yake mwishoni.

Nimewaandikia watengenezaji kwamba kiendelezi "hakifanyi kazi". Sijapata msaada. Maoni ya mtumiaji yaandikweje?

Mtengenezaji hana kompyuta yako. Atakusaidia akiweza kulizalisha tatizo kwenye yake, basi. Kwa hiyo kabla ya kuandika, anzisha keneli upya na ujaribu tena. Tatizo likitoweka, lilikuwa la kumbukumbu. Likibaki, punguza msimbo hadi usizidi mistari kumi huku tatizo likiendelea kuonekana. Mara nyingi utalipata kosa lako mwenyewe ukiwa njiani.

Kisha thibitisha ni kiendelezi kipi. Fungua orodha ya amri kwa Ctrl+Shift+P na uchague "Help: Start Extension Bisect". Huzima nusu ya viendelezi na kukuuliza kama tatizo lipo, halafu hugawa tena. Ukiwa na viendelezi 32, majaribio kama matano yanatosha kumfikia mhusika.

Matoleo yapate kwa code --list-extensions --show-versions kwenye terminali. Kumbukumbu za utendaji ziko kwenye paneli ya "Output", chagua "Jupyter" katika orodha yake. Zisome kabla ya kuzituma, maana njia za mafaili hubeba jina lako la mtumiaji, na wakati mwingine tokeni za seva. Tumia "Report Issue" kwenye menyu ya "Help", ambayo hujaza yenyewe sehemu ya taarifa za mfumo.

Kama ni pendekezo, eleza kazi unayotaka kuifanya, usiagize kitufe tu. "Nataka kuendesha seli zote zilizo juu ya hii baada ya kubadilisha kigezo kimoja" ni ombi linaloweza kujibiwa leo hii: amri ya kuendesha seli za juu imo tayari. Na kwa hitilafu, mfano wa kufuata ni huu:

"Hatua: 1. Fungua faili jipya la .py. 2. Andika # %% kisha x = input(). 3. Bonyeza Shift+Enter. Nilitarajia kisanduku cha kuandikia kitokee juu ya dirisha. Kilichotokea: seli inaendelea kuzunguka, kisanduku hakitokei. Hutokea kila mara, hata baada ya kuanzisha keneli upya. Matoleo na kumbukumbu vimeambatishwa."