Wanachama wapya wanapoondoka kimya kimya

Ndugu, umeeleza kwamba kikundi chenu cha watu wanaotaka misaada yao ilete manufaa makubwa zaidi kinapoteza wanachama wapya baada ya mikutano miwili au mitatu, nawe unauliza kama mpunguze ukali wa mijadala. Mimi nisingeupunguza, ningeangalia kwanza nani hasa anapewa nafasi ya kusema. Mgeni anapouliza kwa nini mmechagua vyandarua badala ya ufadhili wa masomo, na mwanachama wa siku nyingi akamkatiza kwa takwimu kabla hajamaliza sentensi yake, mgeni huyo hufunga daftari, hunyamaza hadi mwisho wa kikao, na hamtamwona tena. Mwacheni amalize, na aliyekosea akiri mbele ya wote, hata akiwa mwanzilishi. GiveWell, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 2007 kutathmini mashirika ya misaada, huchapisha makosa yake lenyewe, na naamini desturi hiyo hujenga imani kuliko hotuba yoyote. Kuhusu fedha, ahadi ya kutoa asilimia 10 ya kipato, inayohimizwa na Giving What We Can, jumuiya ya watu wanaoahidi kutoa sehemu ya kipato chao kwa misaada, tangu mwaka 2009, ni ya hiari. Tafadhali msiigeuze kipimo cha utu, kwa sababu aliyelemewa na madeni hatasema, ataondoka tu. Teueni pia mtu wa kupokea malalamiko, asiyegawa fedha wala vyeo.