Kalamu iweke chini kwanza, Salehe

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza, "Mama, mwenye gari kaja wodini na laki tisa na karatasi, anataka nisaini yaishe. Nichukue?" Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka 26, majalada ya ajali nimeyafungua na kuyafunga mpaka nikastaafu, ila hili ni la mtoto niliyemzaa na mkono unanitetemeka. Jibu langu: usisaini. Hata kesho akija na milioni mbili, usisaini.

Bado hujajua gari lake lilipoigonga bodaboda uliyopanda lilikuumiza kiasi gani. Ndani ya muundi wako kuna vyuma, na daktari kakwambia vitatolewa mfupa ukishaunga. Huo upasuaji wa pili atalipa nani? Na goti lisipokunja sawasawa, zile ngazi za stoo yenu utazipandaje na katoni begani? Umenisomea mwenyewe mstari wa mwisho wa karatasi, kwamba hutakuwa na madai mengine yoyote dhidi yake. Mstari huo ndio anaoununua.

Mjomba wako Bakari unamwona anavyochechemea, lakini sidhani kama amewahi kukusimulia. Mwaka 2003 aligongwa na pikapu akiwa kwenye baiskeli. Siku ya nne mwenye pikapu akamfuata nyumbani, karatasi ikawekwa juu ya boneti, akaazimwa kalamu, akapewa 150,000. Nilikuwepo. Nilibana ncha ya ile karatasi kwa kidole isipeperushwe na upepo wakati anasaini. Miezi miwili baadaye kidonda kikatunga usaha mpaka kwenye mfupa, tukauza mbuzi wote na kiwanja chake. Tulipokwenda kudai tukaonyeshwa saini yake. Kazi yangu ilikuwa karatasi, na ile nikaishika bila kuisoma. Nimelibeba moyoni miaka yote hii.

Kwa hiyo mwenye haraka ni huyo mwenye gari, wewe huna. Sheria ya ukomo wa mashauri inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali kufungua madai ya namna hii. Wala fedha hizo si hisani yake. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe angalau na bima ndogo, na bima ndogo imewekwa kwa ajili ya mtu kama wewe, uliyegongwa. Chukua namba ya gari lake uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Utaona kama stika ni hai na ni ya kampuni gani. Waandikie kampuni barua mapema, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na ipo mahakama, ambako utamshtaki dereva pamoja na mwenye gari.

Umenieleza kwa sauti ya chini kwamba hukuvaa kofia ngumu. Usilifiche hilo hata kidogo. Mwenye gari atalitumia kusema na wewe ulichangia kujiumiza, na kwa jeraha la kichwa angekuwa na hoja. Lakini kofia haikingi muundi. Ulikuwa abiria, hukushika usukani. Yule kijana wa bodaboda mtafute, chukua namba yake ya simu kabla hajahama kijiwe, maana ndiye shahidi wako wa kwanza. Na kama naye alikuwa na kosa, pikipiki yake nayo inapaswa kuwa na bima.

Trafiki wakimpeleka dereva mahakamani, usidhani faini yake itakufikia. Faini ni ya serikali. Unachokihitaji wewe ni nakala ya hukumu: akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, mahakama ya madai haitarudi kubishania kosa lake. Pamoja nayo tafuta PF3 yako, ile fomu ya polisi ya matibabu, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na mwisho kabisa, ukishapona, ripoti ya daktari inayotaja kiwango cha ulemavu uliobaki, kama upo.

Risiti sasa. Fidia ya maumivu hakimu huipima kwa busara yake, lakini kila shilingi unayosema umeitumia lazima uitaje na uithibitishe. Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo wazi mwaka 1992, na mawakili walilikariri neno hilo kila wiki mbele yangu. Kuna mama alimwaga mezani kwangu risiti za mwaka mzima alizozifunga kwenye kona ya kanga. Za mashine ya EFD zilikuwa zimebaki karatasi nyeupe tupu. Maandishi yake hufutika kwa joto na jasho. Alizigeuza moja moja kuelekea dirishani, akitafuta tarakimu. Kwa hiyo kila risiti ipige picha siku hiyohiyo na uitoe kopi: dawa, magongo, picha ya eksirei, hata bajaji ya kwenda kliniki, mwambie dereva akuandikie kwa mkono na asaini.

Jambo moja hukuliuliza. Si ulisema bosi alikutuma benki? Basi uliumia kazini, na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wapo kwa ajili hiyo. Mwajiri ndiye anayechangia, wewe hukatwi hata senti. Mwambie bosi leo aitoe taarifa ya ajali, asingoje utoke wodini.

Na huyo kaka anayejiita wakala, anayezunguka vitandani akisema ataifuatilia bima mgawane nusu kwa nusu, ni kishoka. Usimpe PF3 hata kuitazama.

Ijumaa napanda basi la alfajiri kutoka Tanga. Nakuja na faili, pini, na lile kopo la maziwa la kuwekea risiti. Mwenye gari akirudi kabla sijafika, mpokee kwa adabu, mwambie mama yako anakuja kuisoma karatasi.

Mama yako.