Jenereta ikae wapi, na chenjiova ifungwe ukuta gani

Ukijenga nyumba ya wageni, zahanati au fremu za biashara, muite fundi umeme kabla msingi haujamwagwa, muulize jenereta itakaa wapi na chenjiova, yaani swichi ya kuhamisha jengo kati ya umeme wa shirika na wa jenereta, itafungwa ukuta gani. Wengi huuliza hayo jengo likishapakwa rangi. Hapo jenereta hupewa nafasi iliyobaki: chini ya ngazi, kwenye kichochoro kati ya nyumba na uzio, au kwenye stoo yenye kidirisha kimoja. Nimefunga na kukarabati jenereta Dar es Salaam na Unguja kwa miaka mingi, na mara nyingi ninapoitwa injini haina neno lolote. Tatizo ni pale ilipowekwa.

Naanza na moshi kwa sababu ndio unaoua. Ndani yake kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, na aliyelala anaweza asiamke. Usitegemee pua ikuonye. Ile harufu ya moshi ni ya mafuta, na gesi inaweza kujaa chumbani bila wewe kunusa kitu. Kufungua mlango wa stoo au kuwasha feni hakutoshi. Jenereta ndogo ya petroli ya kubeba mkononi itolewe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, na eksozi ielekezwe kusiko na watu. Baraza lililozibwa kwa nondo na neti lihesabu kuwa ndani. Gereji yenye lango wazi nayo ni ndani.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo ambalo ramani nyingi hazilizingatii: upepo wetu una misimu. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, kisha kusi ikaingia na upepo ukageuka. Jenereta iliyofungwa Januari, moshi ukaenda zake shambani, ikifika Juni moshi huohuo unaingia vyumbani. Kwenye nyumba moja ya wageni Unguja nilioneshwa pazia la chumba cha juu lililokuwa jeusi kwenye pindo moja tu, upande wa dirisha unaotazama uani. Wahudumu walikuwa wakilifua wakidhani ni vumbi. Yalikuwa masizi ya eksozi iliyoishia chini ya dirisha hilo. Tulipandisha bomba hadi juu ya paa, tukaweka kipande kinachonyumbulika pale bomba linapotoka kwenye injini ili mtikisiko usilipasue, na juu kabisa kifuniko cha kuzuia mvua. Tangu hapo moshi hauchagui msimu. Kama jenereta yako imefungwa moja kwa moja, haihamishwi, lipandishe bomba tangu mwanzo.

Waliokuwepo Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kwa miezi mitatu, wanaijua hali ya Mji Mkongwe wakati ule. Kila duka lilikuwa na jenereta mlangoni, na vichochoro ni vyembamba, upepo haufiki chini. Katika mtaa wa namna hiyo mahali pa jenereta ni paa la zege au uwanja wa nyuma ulio wazi juu. Ila paa lipimwe na mhandisi kwanza, kwa kuwa jenereta ya kVA 100 (kipimo cha uwezo wake) yenye kasha lake inazidi tani moja, na inatikisika saa zote inapofanya kazi.

Baada ya moshi, maji. Dar es Salaam ilipofurika Desemba 2011, kuanzia bonde la Msimbazi na Jangwani hadi mitaa ambayo watu hawakuitegemea, umeme ndio uliokuwa wa kwanza kuhitajika na wa kwanza kupotea. Usiiweke jenereta kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ukiwa na namna nyingine. Nje iwekwe juu ya jukwaa la zege, na kimo cha jukwaa ukipime kwa alama ya maji ya mvua kubwa. Wazee wa mtaa watakuonesha yalifika wapi.

Lakini kuinua jenereta peke yake hakukuokoi. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York Oktoba 2012, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, juu kabisa ya maji. Pampu za kupandisha mafuta zilikuwa chini ya ardhi, zikazama. Askari walipanga foleni kwenye ngazi wakipandisha dizeli kwa mikono, na mwishowe mamia ya wagonjwa wakahamishwa. Mwaka mmoja kabla yake, Fukushima kule Japani, zipo jenereta ambazo tsunami haikuzigusa, ila makabati ya swichi ya kupokea umeme wake yalikuwa chini na yalizama. Injini nzima, umeme hauna pa kupita. Kwa hiyo ufuate mnyororo wote: tangi, pampu, betri, kebo, chenjiova, hadi kwenye DB, yaani kabati la kugawa umeme wa jengo. Kimoja kikiwa mahali pa chini, vyote viko chini.

Sasa chenjiova yenyewe, ambayo watu wanaichukulia kama swichi ya taa. Inakaa baada ya mita na meni swichi (swichi kuu ya jengo), kabla ya DB, na kazi yake ni kuhakikisha jengo linapokea umeme wa upande mmoja tu. Ukiipita kwa kuchomeka waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili, umeme wa jenereta yako unarudi kwenye nguzo. Transfoma inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 inaweza pia kupandisha, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anaguswa na maelfu ya volti kutoka kwenye jenereta ya uani kwako. Tena umeme ukirudi huku jenereta inaunguruma, jenereta ndiyo inayoungua. Fundi anayekufungia waya wa namna hiyo mrudishe.

Chenjiova usiifunge ndani ya chumba cha jenereta. Kule kuna joto, mtikisiko na mvuke wa mafuta, na moto ukizuka umepoteza vyote viwili kwa pamoja. Iwe kwenye ukuta mkavu karibu na meni swichi, kimo cha kifua, mbele yake kukiwa na nafasi wazi ya kama mita moja. Pasiwe na magunia, ndoo wala baiskeli. Anayekwenda kuigeuza usiku anakwenda gizani, na mara nyingi ni mlinzi au mama mwenye nyumba, siyo fundi.

Uwezo wake uulinganishe na umeme mkubwa kati ya hizo pande mbili. Meni yako ikiwa ya ampea 100 na jenereta inatoa 40, chenjiova iwe ya 100. Mimi hupendelea inayokata na nyutro pia (waya wa kurudishia umeme), yaani ya pole 2, inayokata waya mbili, kwa fezi moja na pole 4 kwa fezi tatu. Zahanati yenye friji ya chanjo haifai kumsubiri mtu aamke, hiyo iwekewe ya kujigeuza yenyewe, pamoja na chaja ya betri ya jenereta, maana betri iliyokufa ndiyo inayoangusha mitambo mingi ya dharura.

Umbali una gharama yake. Ukiipeleka jenereta mbali ili kelele ipungue, kebo lazima inenepe, la sivyo volti 230 zinafika pungufu na mota za pampu zinachemka. Kelele nayo inarudishwa na kuta, kwa hiyo kona ya kuta mbili ni mbaya kuliko uwanja wazi.

Ukilazimika kujenga kibanda, hewa baridi iingie nyuma ya jenereta, na rejeta (kipozea injini) itazame tundu lake la kutolea joto moja kwa moja, tundu lisilo dogo kuliko rejeta. Hewa ya moto ikizunguka ndani, mashine itajizima yenyewe baada ya muda. Nimekuta mahali wameunganisha waya wa kinga ya joto ili isizime tena, na injini ikakwama.

Kabla hujamlipa fundi, zima meni, geuza chenjiova, na uendeshe jengo na mzigo wake wote kwa saa nzima mchana. Ingia chumba cha mbali kuliko vyote madirisha yakiwa wazi, kisha chumba kilicho karibu zaidi na eksozi, uangalie kama moshi au kelele inafika. Mwambie aandike kwa rangi kwenye kasha upande upi ni TANESCO na upi ni jenereta, na mlinzi aigeuze mwenyewe mbele yenu: aizime, apitishe kwenye sufuri (katikati, pasipo umeme wowote), asubiri, ndipo aende upande wa pili.